Kuchagua na Kujifunza Programu ya Kutengenezea Muziki: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila anayetaka kuanza kutengeneza muziki kwa kompyuta huuliza maswali yaleyale: nichukue programu ipi, kompyuta yangu itaiweza, nilipe au nitafute ya bure, na nianzie wapi kujifunza. Jibu analopewa mara nyingi ni jina la programu inayotumiwa na prodyuza fulani maarufu. Jibu hilo halimsaidii sana, kwa kuwa prodyuza huyo ana kompyuta nyingine, ana vifaa vingine, na huenda kazi yake si ile anayoitaka muulizaji. Mwongozo huu unaanza na kompyuta uliyonayo pamoja na kazi unayokusudia, kisha unakwenda hatua kwa hatua mpaka upate wimbo mmoja uliokamilika. Nimewalenga zaidi wenye laptopu ya Windows, kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa wengi, ingawa wenye Mac na wenye simu peke yake nao wana nafasi yao.

Mahitaji kabla ya kuanza

Kompyuta yenye RAM (kumbukumbu ya muda inayotumika kompyuta ikiwa kazini) ya gigabaiti 4 inaweza kuanza kazi, ila itakokota pindi ala zitakapoongezeka. Gigabaiti 8 ndicho kiwango kinachomwezesha mtu kufanya kazi kwa utulivu. Kabla hujafikiria maiki au spika, angalia kama diski yako ni ile ya zamani inayozunguka. Kuibadilisha na kuweka SSD, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, huipa laptopu iliyotumika nguvu kuliko kitu kingine chochote utakachonunua kwa bei hiyohiyo.

Unahitaji pia hedifoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti kwa kiasi kinachosikika wazi, hivyo hazifai kurekodia wala kupigia kinanda. Spika za laptopu nazo hazikuonyeshi besi, na utajikuta unaiongeza mpaka inaharibu wimbo mzima bila wewe kujua.

Kinanda cha MIDI, yaani kinanda kinachoipelekea programu noti unazopiga, si lazima mwanzoni, kwa kuwa noti huandikwa kwa kipanya na FL Studio hukuruhusu kupiga noti kwa herufi za kibodi. Maiki na kifaa cha kuingizia sauti, kile ambacho wengi hukiita saundi kadi ya nje, ni vya yule tu atakayerekodi waimbaji au ala. Mifano ya bei nafuu ni Behringer UM2 na Focusrite Scarlett Solo. Uwe mwangalifu na maiki za BM-800 zinazouzwa kwa wingi madukani: ni maiki za kondensa zinazohitaji umeme wa volti 48, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye tundu la laptopu utapata sauti hafifu iliyojaa mvumo.

Mwisho, pangia bando lako. Faili la kusakinisha FL Studio hufikia takriban gigabaiti moja, ilhali la Reaper halifiki megabaiti 50.

Hatua ya 1: Itaje kazi yako kwa sentensi moja

Andika kwenye karatasi unachotaka kukifanya katika miezi mitatu ijayo. “Nataka kutengeneza biti za Bongo Fleva na amapiano” ni kazi moja. “Nataka kurekodi kwaya ya kanisani kwetu” ni kazi nyingine kabisa. “Nataka kusafisha sauti za mahojiano” ni ya tatu, na hiyo ya tatu haihitaji programu ya studio, kwa kuwa Audacity, ambayo ni ya bure, inatosha. Ukiruka hatua hii utapakua programu nne na hutaijua hata moja.

Hatua ya 2: Chagua programu moja

Kwa mtengenezaji wa biti, ushauri wangu ni FL Studio, inayotengenezwa na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji na ambayo miaka ya 1990 ilianza ikiitwa FruityLoops. Njia yake ya kupanga midundo kwa visanduku humwelea mtu asiyesoma noti. Ina pia faida ambayo haiandikwi kwenye tovuti ya kampuni: Afrika Mashariki inatumika sana, kwa hiyo ukikwama utampata wa kumuuliza. Ukiinunua, masasisho ya baadaye hutolewa bure. Toleo la majaribio halina kikomo cha siku, na unaweza kutoa wimbo wako kama WAV au MP3, ila lina sharti moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: mradi uliouhifadhi haufunguki tena vizuri mpaka ununue leseni. Maana yake ni kwamba kazi unayoianza leo huwezi kuiendeleza kesho kama ulivyoiacha. Nitaeleza katika Hatua ya 9 namna ya kuishi na sharti hilo. Jambo jingine ni kwamba wakati wa majaribio unakuwa na vifaa vyote, vikiwemo vya matoleo ya bei ya juu, hivyo ukinunua toleo la chini baadhi yake hutavipata. Toleo la chini kabisa, Fruity, lina mipaka katika kurekodi na kutumia vipande vya sauti. Mwenye nia ya kurekodi waimbaji aanzie toleo la Producer.

Kwa anayerekodi sauti za watu, kwaya, bendi au ala kama gitaa na zeze, ninapendekeza Reaper ya kampuni ya Cockos ya Marekani. Ni nyepesi, inakwenda vizuri kwenye kompyuta za zamani, na majaribio yake ya siku 60 hayana kifaa kilichofungwa. Leseni ya bei ya punguzo, ambayo anayeanza hustahiki, ni dola 60. Upungufu wake ni kwamba haiji na ala nyingi, kwa hiyo mwenye haja ya piano au ngoma za kompyuta atalazimika kutafuta plagini mwenyewe, yaani programu ndogo za ala au za kuchakata sauti zinazoongezwa ndani ya programu kuu. Sura yake pia haivutii, lakini hilo lisikuzuie.

Asiye na fedha kabisa na anayetaka kupanga midundo atumie LMMS, ambayo ni huria na inafanana na FL Studio kwa mambo mengi, mradi ajue kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya kurekodi maiki. Mwenye Mac ana GarageBand bila malipo, na akikua atahamia Logic Pro akiwa na miradi yake yote. Mwenye simu peke yake aanze na BandLab au FL Studio Mobile. BandLab ni ya bure, lakini huhifadhi miradi mtandaoni, kwa hiyo inakula bando.

Ableton Live ya Berlin ni programu nzuri mno, hasa kwa anayetaka kupiga muziki wake jukwaani, na toleo lake dogo la Lite huja bure pamoja na vinanda na vifaa vingi vya kuingizia sauti, hivyo kagua boksi kabla ya kulitupa. Pro Tools ni ya studio kubwa. Anayeanza hana haja nayo.

Hatua ya 3: Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji

Usipakue nakala zilizovunjwa, yaani programu za kulipia zilizofunguliwa bila leseni. Najua kwamba studio nyingi za mtaani zilianza hivyo, na sitajifanya kushangaa. Hata hivyo, faili hizo hukutaka uzime ulinzi wa kompyuta kabla ya kusakinisha, na hapo ndipo virusi hupitia. Aidha hazisasishwi, na miradi yake mara nyingi hugoma kufunguka kwenye kompyuta ya prodyuza mwenzako. Kwa bei ya Reaper au kwa majaribio yaliyotajwa hapo juu, hatari hiyo haina faida yoyote. Wakati wa kununua ukifika na huna kadi ya benki, chunguza kama mtandao wako wa pesa kwa simu unatoa kadi pepe ya Visa au Mastercard, kwa kuwa baadhi yake hutoa.

Hatua ya 4: Panga mfumo wa sauti

Kabla ya kugusa noti yoyote, fungua mipangilio ya sauti. Katika FL Studio nenda Options, kisha Audio settings, uchague FL Studio ASIO; ASIO ni aina ya draiva (programu inayounganisha kompyuta na kifaa cha sauti) inayopunguza ucheleweshaji. Katika Reaper nenda Options, Preferences, halafu Device. Kama una kifaa cha kuingizia sauti, pakua draiva yake kwenye tovuti ya aliyekitengeneza na uchague ASIO ya kifaa hicho badala ya ile ya jumla.

Weka kasi ya sampuli (idadi ya vipimo vya sauti kwa sekunde) kuwa 44,100 na bafa kuwa sampuli 512. Bafa ni akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuicheza: ikiwa 512, ucheleweshaji ni kama milisekunde 12, ikiwa 128, ni kama milisekunde 3, lakini kompyuta hufanya kazi zaidi na huweza kukwaruza. Kanuni ya kazi ni nyepesi: ishushe hadi 128 au 256 unaporekodi, na uipandishe hadi 1024 unapomiksi, yaani unaposawazisha viwango vya ala na sauti.

Hatua ya 5: Yajue madirisha manne, mengine yaache

Kuanzia hapa natumia FL Studio kama mfano. F6 hufungua Channel Rack, ambako midundo hupangwa. F7 hufungua Piano roll, ambako noti huandikwa. F5 hufungua Playlist, ambako wimbo hupangwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. F9 hufungua Mixer. Kwenye laptopu nyingi utalazimika kushikilia Fn pamoja na funguo hizo. Siku za mwanzo fanya zoezi moja tu: fungua na ufunge madirisha hayo mpaka vidole vijue njia.

Hatua ya 6: Tengeneza mdundo wa kwanza

Weka tempo (mapigo kwa dakika) kuwa 100. Katika Channel Rack ya mradi mpya utakuta mistari ya kiki (ngoma nzito ya mguu), kofi, haihati (sahani ndogo za ngoma) na sneya (ngoma yenye mlio mkali), kila mmoja ukiwa na visanduku 16 vilivyogawanywa kwa rangi katika mafungu ya vinne. Visanduku hivyo 16 ni baa moja.

Weka kiki kwenye visanduku vya 1, 5, 9 na 13, kisha sneya kwenye 4, 7, 12 na 15, halafu ubonyeze kitufe cha nafasi kwenye kibodi ili usikilize. Huo ni mwendo wa densi ya Karibiani ambao Bongo Fleva imeutumia sana. Sasa weka haihati kwenye visanduku vyote vya namba witiri, yaani 1, 3, 5 na kuendelea. Utaona kwamba mdundo ni sahihi lakini umekauka, kwa sababu kila pigo lina nguvu ileile. Punguza nguvu ya haihati moja katika kila mbili, na ghafla mdundo utaanza kutembea. Tofauti hiyo ndogo ndiyo watu huitafuta katika plagini za bei ghali.

Baadaye ukitaka amapiano, panga tempo karibu na 112. Ukitaka singeli, ujiandae kuvuka 200, na hapo punguza idadi ya ala, kwa sababu katika mwendo huo hakuna nafasi ya sauti zenye mkia mrefu.

Hatua ya 7: Ongeza chodi na besi, kisha upange wimbo

Ongeza ala ya piano, fungua Piano roll, na uandike chodi nne (chodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), kila moja ikichukua baa moja: A, C, E, kisha F, A, C, kisha C, E, G, kisha G, B, D. Zote ziko kwenye funguo nyeupe. Mfuatano huo umetumika katika nyimbo nyingi mno, nao unafaa kwa zoezi kwa sababu sikio lako linaujua tayari. Besi ipige noti ya kwanza ya kila chodi, chini zaidi kwenye kinanda, na iangukie pamoja na kiki ya kwanza ya baa.

Kupanga wimbo ndipo wengi huishia. Wana lupu (kipande kinachojirudia) nzuri ya baa nne, wanaisikiliza mara mia, na haigeuki kuwa wimbo. Njia ninayoiamini ni kuiga mpangilio: chukua wimbo unaoupenda, uuweke kwenye Playlist, ulinganishe tempo, kisha uandike ni baa ya ngapi ubeti unaanza, kiitikio kinaingia wapi, na ni ala zipi zinanyamaza kabla ya kiitikio. Futa wimbo huo na ujaze mpangilio wake kwa ala zako. Kwa tempo ya 100, wimbo wa dakika 3 una baa 75, na ukishaziona zimepangwa mbele yako, kazi haitishi tena. Usiige melodia wala maneno, kwa kuwa hiyo ni mali ya mtu. Mpangilio ni kielelezo tu.

Hatua ya 8: Rekodi na usawazishe

Rekodi katika chumba chenye kitanda, mapazia na nguo, si sebule tupu yenye vigae. Zima feni, na uombe jenereta ya jirani isiwake, ingawa kwa hilo huna mamlaka. Mwimbaji akae shubiri moja kutoka kwenye maiki na avae hedifoni, ili biti isivuje kuingia kwenye sauti yake. Panga kiwango ili vilele vya sauti viwe kati ya -12 na -6 dB (desibeli, ambapo 0 ndiyo kikomo cha juu). Taa nyekundu ikiwaka, rudia. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi hakuna plagini inayoirudisha ilivyokuwa.

Katika kumiksi, shusha mistari yote hadi chini kabisa. Pandisha kiki mpaka vilele vyake vifike karibu -10 dB, ongeza besi, kisha sauti ya mwimbaji, na mwisho ala nyingine, ukihakikisha kwamba mstari wa Master, ambako sauti zote hukutana, hauvuki -6 dB. Fahamu kwamba FL Studio huweka kizuizi cha sauti (limiter) kwenye Master ya mradi mpya, nacho huficha kosa la kupandisha kila kitu; kizime wakati wa kusawazisha. Kwenye sauti ya mwimbaji, ondoa masafa yaliyo chini ya 80 Hz, kwani hapo kuna mitikisiko ya meza na mvumo tu. Baada ya hapo sikiliza kwenye simu, kwenye redio ya nyumbani, na ikiwezekana ndani ya gari.

Hatua ya 9: Toa faili na uhifadhi

Bonyeza Ctrl+R, uchague WAV ya bit 24 kwa ajili ya kumbukumbu, kisha utoe MP3 ya kbps 320 kwa ajili ya kutuma. Kama unatumia toleo la majaribio, weka kila ala kwenye mstari wake wa Mixer na uwashe Split mixer tracks, ili kila mstari utoke kama faili lake. Fanya hivyo kila unapomaliza kazi ya siku. Kesho utaziingiza faili hizo katika mradi mpya na kuendelea, ingawa hutaweza kubadilisha noti zilizomo. Andika tempo kwenye jina la folda, kwa mfano “Wimbo01_tempo100”, la sivyo utapoteza muda mrefu ukiitafuta upya.

Mwenye leseni azoee Ctrl+N, ambayo katika FL Studio huhifadhi toleo jipya la mradi bila kufuta la zamani. Umeme ukikatika na betri ya laptopu ikiwa imechoka, utashukuru. Nakala ya pili iwe kwenye flashi au diski ya nje.

Makosa ya kuepuka

Kosa kubwa kuliko yote ni kuhama programu kila unapokwama. Kaa na moja mpaka umalize nyimbo tano, hata kama ni mbovu, ndipo uamue kama tatizo ni programu. La pili ni kukusanya plagini na maelfu ya sampuli za ngoma. Kiki kumi unazozijua zinatosha. La tatu ni kutazama video usiku kucha bila kufungua programu. Kila video ya dakika kumi ifuatwe na nusu saa ya kazi, na ukumbuke kwamba F1 ndani ya FL Studio hufungua maelezo rasmi, na kwamba kitabu cha mwongozo cha Reaper hupakuliwa bure mara moja na kusomwa bila bando.

Utatuzi wa matatizo ya kawaida

*Programu inacheza baa moja tu badala ya wimbo mzima.* Angalia kitufe cha PAT na SONG kilicho karibu na kitufe cha kuchezea. Kiko upande wa PAT.

*Hakuna sauti kabisa.* Mara nyingi draiva iliyochaguliwa si ya kifaa ulichochomeka hedifoni. Rudi Hatua ya 4. Ikiwa video za kwenye kivinjari zinasikika na programu iko kimya, funga kivinjari, kwa kuwa huenda kimeishika draiva hiyo.

*Sauti inakwaruza au kukatika.* Pandisha bafa hadi 1024, chomeka chaja, weka kompyuta kwenye hali ya nguvu kamili, na ufunge programu nyingine. Ikiendelea, ibadilishe ala nzito iwe faili la sauti, kisha uizime.

*Mwimbaji anajisikia kwa kuchelewa.* Shusha bafa hadi 128, zima plagini nzito za Master, na kama kifaa chako kina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, kitumie.

*Maiki haipokei chochote.* Kama ni ya kondensa, bonyeza kitufe cha 48V kwenye kifaa. Kama kimeshabonyezwa, kagua ruhusa ya maiki katika mipangilio ya faragha ya Windows, kisha hakikisha kwamba mstari unaorekodia umechaguliwa tundu sahihi.

*Besi inasikika kwenye hedifoni lakini inapotea kwenye simu.* Spika ya simu haiwezi kutoa masafa ya chini sana, hivyo kuongeza sauti ya besi hakusaidii. Nakili noti za besi, zipandishe oktava moja, zipe ala yenye sauti kavu zaidi, na uziweke chini ya besi ya awali kwa kiwango kidogo, ukiongeza taratibu mpaka uanze kuzifuata kwa sikio kwenye simu.